UZI: Maua ya msimu mmoja kwa anayeanza kabisa. Chagua mbegu kubwa, na usiyaache yazae

#1 JembeButu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya maua yamekuwa mengi na majibu mafupi mno, kwa hiyo nafungua uzi huu kwa wale ambao hawajawahi kuotesha kitu. Una kipande kidogo cha ardhi au vyungu vichache, unataka maua, na hujui pa kuanzia. Sizungumzii waridi wala vichaka vya kudumu. Nazungumzia maua ya msimu mmoja: mbegu inaota, mmea unakua, unachanua, unazaa na kufa, yote ndani ya msimu huohuo.

Hapo kwenye "unazaa na kufa" ndipo penye mambo yote. Mmea wa aina hii hauchanui ili wewe ufurahi. Unachanua ili upate mbegu, na ukishazipata za kutosha unajifunga: unapunguza maua, majani yanaanza kugeuka kahawia hata kama maji yapo na jua lipo. Kazi yako ni kuunyima hizo mbegu. Ua likianza kusinyaa, kata. Mmea utaleta jingine, nalo likisinyaa kata. Anayepita na mkasi kila baada ya siku mbili tatu anakaa na maua miezi kadhaa. Mwenzake aliyepanda siku hiyohiyo asikate kitu anabaki na vijiti.

Angalizo: usichomoe petali tu ukaacha kitumba cha nyuma. Mbegu zinatengenezwa ndani ya kile kitumba. Shuka na bua mpaka kwenye jozi ya majani iliyo chini yake, kata juu tu ya hapo. Ukiangalia vizuri kwenye kwapa la kila jani utaona kichipukizi kidogo kinasubiri. Hicho ndicho kitakachokuwa tawi jipya.

Sasa mbegu. Ushauri wangu kwa anayeanza: chagua ile unayoweza kuishika moja moja kwa vidole viwili. Alizeti kila mtu anaijua. Zinia ni bapa, ya kahawia, imechongoka upande mmoja. Kosmosi ni nyeusi, nyembamba, imejikunja kidogo. Marigoldi ni kijiti cheusi chenye kishungi cheupe mwishoni. Hizo nne zinatosha kabisa kwa msimu wa kwanza, tena hata mbili zinatosha. Petunia iache. Gramu moja ya petunia ina mbegu kama 10,000, ni vumbi tupu. Haitaki kufukiwa kwa sababu inahitaji mwanga ili iote, ikipigwa na maji ya nguvu inasombwa, na kutoka mbegu mpaka ua unasubiri wiki 10 hadi 12. Zinia hiyohiyo, udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27, inachomoza ndani ya wiki moja, na miezi miwili na kidogo baadaye unakata ua la kuweka mezani.

Kina cha kupanda: mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu, basi. Alizeti sentimita mbili au tatu, zinia na kosmosi nusu sentimita hadi moja. Wengi wanazika mbegu kama wanaficha hela, halafu wanalalamika mbegu ni mbovu.

Panda palepale mmea utakapoishi. Alizeti ina mzizi mkuu unaoshuka haraka na haupendi kuhamishwa, zinia na kosmosi nazo zinasumbuka zikipandikizwa ovyo. Lainisha udongo kina cha koleo, toa magugu, changanya mboji kiasi, sawazisha, panda, mwagilia taratibu. Zikishatoa majani mawili ya kweli (siyo yale ya kwanza ya mviringo) punguza miche. Najua inauma kuua mmea uliouotesha mwenyewe, lakini zinia inataka sentimita 20 hadi 30 kati ya shina na shina. Ile ya kuondoa ikate kwa mkasi usawa wa udongo, usiing'oe, maana mizizi imeshashikana na ya jirani.

Muda: mahali penye baridi ya kugandisha, subiri iishe kabisa, kwa sababu hizi zote nne hazina kinga ya kutegemewa dhidi ya umande ulioganda. Mahali pa joto mwaka mzima, epuka tu wiki zile za mvua kubwa inayosomba mbegu. Jua: saa sita hadi nane za jua la moja kwa moja. Kama eneo lako ni kivuli, sema kabla hujapanda, tutakuelekeza kwingine.

Karibuni kwa maswali na mabishano.

#2 MbishiRasmi

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye mbegu sikuungi mkono. Anayeanza anunue miche. Anapata ua wiki hiyohiyo, anapata moyo wa kuendelea. Mambo ya kusubiri mbegu ndiyo yanayowakatisha tamaa watu.

#3 JembeButu

MbishiRasmi nilijua utakuja. Kwa petunia na balsamu za kivulini nakubali mia kwa mia, nunua miche. Lakini miche ya zinia na alizeti mara nyingi imeshakaa sana kwenye kikopo. Imerefuka, imeanza kuchanua ikiwa na sentimita 15, na mizizi imejizungusha chini. Ukiipandikiza inakaa wiki kadhaa ikishangaa, wakati mbegu uliyoweka chini siku hiyohiyo inaipita.

Anayetaka kununua basi asichague mche wenye ua. Achague mfupi, mnene, wenye matawi, majani ya kijani hadi chini. Aupindue polepole auangalie mizizi: iwe myeupe na iwe bado inaonyesha udongo katikati yake. Kama ni mkeka wa mizizi mitupu, rudisha.

#4 MbishiRasmi

Kwenye alizeti umeniweza. Kwenye zinia bado tunabishana.

#5 Mgeni_Shambani

Habari wakuu, mimi nimeotesha zinia kwenye trei ndani ya nyumba. Ziliota vizuri sana, zote. Baada ya siku chache zikaanza kulala moja moja, shina limekuwa jembamba pale linapotokea kwenye udongo, utadhani limebanwa na uzi. Majani bado ya kijani. Nimeongeza maji lakini ndiyo zinazidi. Tatizo ni nini?

#6 MamaVyungu

Pole mwanangu. Hiyo ni kinyausi, na maji uliyoongeza ndiyo yanaipa nguvu. Ni vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo, vinashika shina changa usawa wa udongo. Mche ulioanguka hauinuki tena, usihangaike nao. Toa ulioanguka pamoja na udongo wake, trei iweke penye hewa na mwanga, acha udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na umwagilie kwa chini: weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo, inyonye, itoe. Safari ijayo osha trei kwa sabuni, tumia udongo mpya, usipande mbegu kwa kubanana.

Na nina swali: hiyo miche imerefuka na kupauka? Kama ndiyo, mwanga hautoshi. Dirisha tunaliona lina mwanga kwa sababu macho yetu yanazoea, mmea hauzoei.

#7 Mgeni_Shambani

Ndiyo mama, ni mirefu na inainamia dirishani. Asante sana. Naomba basi mniambie ratiba ya kumwagilia, mara ngapi kwa wiki?

#8 JembeButu

Mkuu, swali hilo halina jibu, na nitakupa kisa kimoja cha kweli. Mwishoni mwa 2015 walikuwa wanaotesha zinia kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Wataalamu, vifaa, ratiba iliyopangwa kutoka duniani, kila kitu. Unyevu ukazidi, majani yakaanza kutoa maji pembeni, kisha ukungu ukaingia. Baadaye feni ilipoongezwa kasi mimea ikaanza kukauka, na ratiba ilikuwa inasema siku ya kumwagilia bado. Mwanaanga Scott Kelly akaomba aachiwe aamue mwenyewe kwa kuitazama mimea. Wakamkubalia, na Januari 2016 akaonyesha picha ya zinia imechanua huko juu.

Kwa hiyo ingiza kidole kwenye udongo kina cha sentimita tano. Kukiwa na unyevu, ondoka. Kukiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yazame kweli, siyo kunyunyiza juu juu kila jioni. Maji ya juu juu yanafanya mizizi ikae juu, na siku moja ya jua kali inatosha kuiangusha. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, siyo kwenye majani. Mbegu ambayo haijaota na miche michanga ndiyo pekee inayotaka udongo wa juu usikauke.

#9 Samadi_Tele

Mimi kosmosi yangu imenizidi urefu, majani kama msitu, ua hata moja. Udongo wangu ni mzuri sana, niliweka samadi ndoo kadhaa na mbolea ya dukani juu yake. Inakula nini tena hii?

#10 JembeButu

Jina lako limeshajibu swali, mkuu 😂

Nitrojeni ya kwenye samadi na mbolea ikizidi, mmea unajenga majani na shina, hauna haraka ya kuzaa. Kosmosi ndiyo mfano mkubwa, na nasturtiamu vilevile. Hizi zinachanua vizuri kwenye udongo wa kawaida tu, hata ulio maskini kidogo. Acha mbolea yote. Usiing'oe, itachanua, ila itachelewa na huenda ikaanguka kwa upepo, kwa hiyo ifunge kwenye kijiti ulichochomeka pembeni.

Kuna kingine watu hawakijui. Kosmosi inachanua haraka zaidi usiku ukiwa mrefu. Kama una taa ya nje inayowaka mpaka asubuhi karibu nayo, hiyo taa inaweza kuichelewesha, mmea unadhani bado ni majira ya siku ndefu. Petunia ni kinyume, yenyewe siku ndefu ndizo zinazoiharakisha.

#11 Samadi_Tele

Daah, taa ipo. Inamulika palepale. Naizima leo.

#12 KijanaWaRoshani

Wakuu sisi wa ghorofani hatuna ardhi, tuna roshani inayopigwa jua mchana wote. Tunapanda nini? Nimesikia uweke kokoto chini ya chungu ili maji yapite vizuri.

#13 MamaVyungu

Kokoto achana nazo. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Yanasimama pale udongo unapoishia mpaka udongo ule ujae kabisa, ndipo yadondoke. Maana yake umepandisha tope karibu na mizizi na umepunguza udongo. Chungu kiwe na matundu chini, jaza udongo mwepesi wa vyungu mpaka karibu na juu, basi. Udongo wa shambani mtupu usiweke, kwenye chungu unashikana na kuwa tofali.

Jua la mchana wote ni neema. Portulaka ile ya maua makubwa, yenye majani manene yaliyojaa maji, itakupenda: mbegu zake unatawanya juu ya udongo bila kuzifukia, na siku ukisahau kumwagilia inakuvumilia. Fahamu tu kwamba maua yake mengi hufunguka penye jua na kujifunga kukiwa na mawingu au jioni, usidhani imekufa. Marigoldi fupi nazo zinakaa vizuri kwenye chungu cha upana wa sentimita 20. Soma pakiti: *Tagetes patula* ndiyo fupi, sentimita 15 hadi 30 hivi. *Tagetes erecta* inaweza kufika karibu mita moja, na kwenye roshani yenye upepo itaanguka pamoja na chungu chake. Zote asili yake ni Mexico na jirani zake, japo pakiti zitakuambia moja ni ya Afrika na nyingine ya Ufaransa.

Chungu kinakauka haraka, kwenye joto kali utamwagilia kila siku. Na kila ukimwagilia, virutubisho vinatoka na maji chini, ndiyo maana mmea wa chungu unahitaji mbolea ya maji kidogo kila wiki mbili hivi hata kama wa ardhini hauhitaji.

#14 MbishiRasmi

Mmesahau faida kubwa ya marigoldi: inafukuza wadudu wote. Panda shina moja kila kona ya bustani, umemaliza.

#15 JembeButu

Hii naomba tuirekebishe maana inazunguka sana. Kilicho kweli: mizizi ya marigoldi inatoa kemikali inayodhuru minyoo fundo, wale wasioonekana kwa macho wanaofanya mizizi ya mboga iwe na vinundu. Lakini inafanya kazi ukijaza eneo zima marigoldi, ukaziacha miezi miwili au zaidi, kisha ukapanda mboga palepale. Shina moja kwenye kona ni pambo. Na konokono hawajapata habari kwamba inafukuza wadudu, wanaila miche yake mpaka inabaki vishina. Toka na tochi usiku uone.

Mche ukikutwa asubuhi umekatwa usawa wa udongo na umelala pembeni haujaliwa, huyo siyo konokono, ni sota, kiwavi anayejificha kwenye udongo. Fukua kidogo kuzunguka shina utamkuta amejikunja. Muokote. Kuzuia, zungushia mche pete ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo.

#16 Bibi_Zinia

Mimi nimelima maua muda mrefu, naomba niongeze mbili tatu kwa vijana.

Zinia ikifika kimo cha sentimita 20 hadi 30, ikate kichwa. Hesabu jozi tatu au nne za majani kutoka chini, kata juu yake. Najua mkono unasita, hasa kama kileleni kuna kitumba cha kwanza. Kata tu. Usipokata unapata bua moja na ua moja kubwa, ukikata unapata matawi manne au sita na kila tawi na ua lake. Kosmosi fanya hivyohivyo. Alizeti ya bua moja USIIKATE, hiyo kichwa chake ni kimoja na ukikikata umemaliza biashara. Ile ya matawi mengi haina neno.

Ukitaka zinia ya kuweka ndani, usikate ua ambalo halijakomaa, litainama kwenye chombo usiku huohuo. Shika bua sentimita 20 chini ya ua, litikise kidogo. Shingo ikiyumba na kichwa kucheza, liache siku mbili. Bua likitikisika lote pamoja bila kupinda, kata. Fanya asubuhi, toa majani yote yatakayozama, badilisha maji kila siku mbili, utakaa nalo wiki.

#17 Mgeni_Shambani

Bibi shikamoo, na asante. Za nje nilizopanda baadaye zimekua, ila majani ya chini yamepata unga mweupe, ukifuta unatoka unarudi.

#18 Bibi_Zinia

Marahaba mjukuu wangu. Huo ni ubwiri unga, zinia na huo ugonjwa ni watu wa nyumba moja. Hauletwi na majani kulowa kama ukungu mwingine. Unapenda mimea iliyobanana, hewa isiyopita, usiku wenye unyevunyevu hata kama mchana ni mkavu. Chuma majani yaliyoshikwa, yapeleke mbali, punguza mashina katikati ili hewa ipite. Hautaisha kabisa, ila mmea utaendelea kuchanua.

Mimi sihangaiki na dawa. Ninapanda kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili tatu, za zamani zikizeeka na unga wao nazing'oa, mpya ziko tayari. Na ukichoka kabisa tafuta *Zinnia angustifolia*, ile ya majani membamba na maua madogo, yenyewe unga hauisumbui sana. Haifai kukata kwa ajili ya chombo cha maua, mabua yake mafupi, lakini kwenye tuta inapendeza.

#19 Samadi_Tele

Na alizeti niipande upande gani? Nilisikia inafuata jua.

#20 JembeButu

Changa ndiyo inafuata, asubuhi mashariki, jioni magharibi, usiku inarudi. Ikikomaa na ua kufunguka inasimama ikitazama mashariki moja kwa moja. Utafiti uliotoka mwaka 2016 kwenye jarida la *Science* ulionyesha maua yanayotazama mashariki yanapata joto mapema asubuhi na nyuki wanayaendea zaidi kuliko yaliyogeuzwa magharibi.

Kwa mwenye bustani maana yake ni hii: ipande upande wa magharibi wa mahali unapokaa. Ukiipanda mashariki ya dirisha lako, utaangalia visogo msimu mzima.

#21 KijanaWaRoshani

Swali la mwisho. Nikishafaidi maua, naweza kuchukua mbegu mwenyewe nisinunue tena? Maana mleta uzi umesema tusiyaache yazae.

#22 JembeButu

Mwisho wa msimu ruhusu. Chagua mashina mawili matatu uliyoyapenda kuliko yote, acha maua yake yakauke palepale mpaka kichwa kiwe cha kahawia na kisiwe na unyevu hata ukikibonyeza. Kata siku kavu, pukusa juu ya karatasi. Kwenye zinia zile nono zenye umbo la mshale ndizo za kuweka, zile nyepesi kama makapi hazina kitu ndani. Kausha kivulini wiki nzima, weka kwenye bahasha ya karatasi siyo nailoni, andika jina na mwaka.

Angalia pakiti uliyonunua kama imeandikwa F1. Hiyo ni chotara, na watoto wake hawatafanana na mama. Hata isipokuwa F1, nyuki wamezunguka kwenye rangi zote ulizopanda, kwa hiyo ukichuma mbegu kwenye zinia nyekundu usije hapa mwakani kunidai kwa nini imetoka ya waridi.

#23 MbishiRasmi

Mimi nitakuja kudai.